Foleni ya Bombani

Kiwandani, Jumanne 9 Juni

Dada,

Pokea salamu zikiwa moto, zimetoka tanurini sasa hivi. Kama u mzima, jibu. Kama si mzima, jibu vilevile, angalau nijue nianze kulia saa ngapi.

Usinitafute kwenye simu. Iliniponyoka ikaingia kwenye mashine ya kukandia unga, na nilipofungua mdomo kupiga kelele ilikuwa imeshakandwa. Bosi wetu, yule tunayemwita Hamira kwa sababu huumuka bila kuguswa, aliamuru donge zima litupwe, na nusura anitupe mimi nalo. Kwa hiyo tutaandikiana, na dereva wa gari la mikate atakuwa posta wetu maana anapita huko kwenu kila wiki. Usicheke mwandiko wangu. Shule niliiacha mimi, yenyewe bado inanililia.

Sasa habari kubwa. Jumapili nimepokelewa Mezani. Mdogo wako si mtoto wa benchi la nyuma tena. Mchungaji alituuliza mbele ya watu, Meza ya Bwana maana yake nini, wenzangu wakatazama viatu. Mimi nikasema ni kula pamoja bila kugombania. Watu wakacheka, lakini mchungaji akasema jibu linapita. Umeona? Kichwa ninacho, ni daftari tu sikuwahi kuelewana nalo.

Mkate ukaanza kupita. Unajua utaratibu wetu, humegi wako. Unammegea wa pembeni, naye anammegea wa pembeni yake. Mimi nilimegewa na Fundi Viatu, na vidole vyake vile vya gundi. Nikatia mdomoni.

Dada, kwa nini hukuniambia mwili wa Bwana una chumvi namna ile? Nilidhani ulimi utahama. Machozi yalinitoka, na mama mmoja nyuma akasema, "Mwoneni kijana alivyoguswa." Nikakaa kimya nikaguswa.

Baada ya baraka watu wote wakaenda kwenye bomba la uani. Foleni ndefu, hakuna anayesukuma. Bibi Mkate wetu, anayeoka mkate wa Meza, yule aliyenifundisha kukanda nikisimama juu ya ndoo ili nifikie meza, alikuwa pale mbele na kikombe cha bati. Anamjazia mtu maji, anamshika mkono, anamuuliza habari za kwake, mguu umeponaje, mtoto karudi shule. Foleni inakwenda polepole na watu nao wanapiga soga. Sisi wa benchi la nyuma tulikuwa tunaruhusiwa kabla ya Meza, kwa hiyo nilidhani ni sehemu ya ibada: mkate, kikombe, bomba. Nikanywa nikasema "Amina" kwa sauti. Fundi Viatu akanikanyaga.

Wewe huko unamegewa na nani? Uniambie.

Mimi mdogo wako,
Bingwa wa Tanuri


Hosteli ya kiwanda cha nguo, Jumatatu 15 Juni

Mdogo wangu Bingwa,

Barua imefika ina unga ndani. Nimeikung'uta kwanza ndipo nikasoma. Hongera. Mama angekuwepo angevaa ile nguo yake ya bluu.

Lakini chumvi gani hiyo unayosema? Enzi zangu mkate wa Bibi ulikuwa unatamanisha mtu Jumapili zije mbili mbili. Ulinukia moto, ulikuwa laini, na chumvi uliisikia kwa mbali tu, kama mtu anayekuita akiwa nyumba ya tatu. Na foleni ya bombani haikuwepo. Bomba lilikuwa la kuoshea watoto miguu.

Nadhani ulionja dhambi zako. Kila mtu mkate humjia kulingana na anavyoishi, na wewe nakujua. Pole.

Huku niko salama. Kazi ni vifungo, kutwa nzima nashona vifungo kwenye mashati ambayo sitamjua atakayeyavaa. Marafiki ninao wengi. Unauliza namegewa na nani: huku mabenchi ni marefu sana. Nitakueleza siku nyingine.

Msalimie Bibi. Tangu ile homa iliyomchukua mume wake sijapata habari zake vizuri.

Dada yako


Kiwandani, Jumanne 7 Julai

Dada,

Umenitesa wiki tatu nzima na hukujua. Ile ya dhambi niliiamini. Usicheke, tena kaa chini kabisa ndipo usome.

Nilijisemea, kama mkate unamjia mtu kulingana na maisha yake, basi nirekebishe maisha kabla ya Meza ya Julai, maana ni mara moja tu kwa mwezi. Nikaacha kumwigiza mchungaji anavyokohoa. Nikamsaidia Fundi Viatu kubeba mashine yake. Mwisho nikamwendea Hamira ofisini, nikamwambia, "Bosi, nisamehe kwa lile jina." Akasema, "Jina gani?" Dada, alikuwa hajui. Miaka yote hiyo hajui. Wenzangu sasa hawanisemeshi, na mimi ndiye ninayefagia majivu zamu zote. Utakatifu una gharama kubwa.

Jumamosi nikaenda kumpelekea Bibi kuni. Nikamkuta anakanda. Akatia kijiko cha chumvi. Akaniuliza habari za kazi, nikamweleza, akatia kijiko cha chumvi. Akaenda dirishani kuangalia nani anapita, akarudi, akaonja donge, akatafuna, akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza redio isiyoshika. Akatia tena. Nikamwambia, "Bibi, kumeungua kitu." Na kweli kitambaa cha kushikia sufuria kilikuwa kinaungua nyuma yake. Akasema, "Wapi?" Hakusikia harufu yoyote, dada. Ile homa ilipomwondoa mume wake ilimfungia pua na ulimi, akabaki navyo kama mapambo.

Jumapili nikashiriki. Mkate ni uleule, ulimi uleule unataka kuhama. Kumbe mimi ni mtakatifu wa kawaida tu. Na kumbe watu wote wale, tangu homa mpaka leo, wanakula vile wakiwa na nyuso zimenyooka kama za kwenye picha ya kitambulisho, halafu wanakimbilia bomba. Hapana, hawakimbilii. Wanatembea kwa heshima ili asijue.

Nikamfuata Mzee Ufunguo, yule mzee wa kanisa mwenye funguo zinazomtangulia kwa kelele. Nikamwambia, "Mzee, mkate wa Bibi una tatizo." Akaniangalia mpaka funguo zikanyamaza. Akasema, "Kijana, mkate ule unaliwa. Hauonjwi." Akaondoka.

Hilo jibu nimelizungusha kichwani tangu juzi, halikai. Mtu akioka mkate mbaya, si umwambie? Tunahubiriwa kupendana kila siku, halafu tunamdanganya bibi wa watu kwa kutafuna. Mwili mmoja, sawa, lakini mwili mmoja wenye kiu?

Basi nimepata dawa. Agosti nitaoka mimi. Sura ileile, na zile alama anazochoma kwa uma juu yake nazijua kuliko kiganja changu. Mimi ndiye ninayeubeba kutoka kwake mpaka kanisani. Njiani nitabadilisha. Yeye hatajua, watu watakula kitu cha maana, na hakuna atakayeaibika. Niambie kama umewahi kusikia upendo wa akili namna hiyo.

Mdogo wako,
Mtakatifu wa Kawaida


Hosteli, Jumatano 29 Julai

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaichana. Usiguse mkate wa Bibi.

Usiniulize kwa nini, sina sababu iliyonyooka. Nimeisoma mipango yako nikacheka, nikasema kijana ana akili, halafu nikashindwa kulala vizuri. Kuna kitu hapo hujakiona na mimi niko mbali, sikioni vizuri. Ngoja tu. Mwache aoke.

Dada yako


Kiwandani, Jumanne 4 Agosti

Dada,

Barua yako dereva kaniletea jana jioni. Ilikuwa kwenye koti alilopeleka kwa dobi. Maji yameshamwagika.

Nianze na sifa zangu, maana nikichelewa nitakosa hamu. Mkate wangu ulikuwa mkate. Nilimega nikampa wa pembeni yangu, akatafuna, akafumbua macho. Nikaona benchi zima linafumbua macho, mmoja baada ya mwingine, kama taa zinazowashwa. Kijana mmoja tuliyepokelewa naye akasema, "Mama, nataka tena," akafinywa. Mzee Ufunguo alitafuna polepole, akaacha, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Mimi nikatazama dari.

Baraka ikatolewa. Watu wakatoka. Wakapeana mikono mlangoni, vidole tu, wakaenda zao. Fundi Viatu alisema ana kazi ya mtu. Wengine walisema jua kali. Uwanja ukabaki mweupe.

Bibi alikuwa kashatangulia bombani, dada. Alisimama na kikombe chake cha bati kimejaa, kakinyoosha kidogo mbele, kwa ajili ya wa kwanza. Wa kwanza hakuja. Alisubiri. Akauliza, hata sijui alikuwa anamuuliza nani, "Leo watu hawana kiu?"

Mimi nilimwona. Nilikuwa pale mlangoni. Sikwenda. Sikuwa na kiu.

Akamwaga maji chini ya ukuta, akakitundika kikombe kwenye msumari wake, akajifunga kitambaa vizuri, akaondoka.

Jana nimepita kwake. Amefua kile kitambaa cheupe cha kufunikia mkate, amekipiga pasi, amekirudisha kwa Mzee Ufunguo. Akaniambia, "Mjukuu wangu, wamenichoka. Nimewaona walivyoondoka. Watafute mtu mwingine wa mkate." Nikasema, "Bibi, hapana, mkate ulikuwa mzuri sana." Akasema, "Ndiyo maana nasema. Mkate ulikuwa mzuri, na bado hawakutaka kukaa na mimi."

Nikaaga. Mimi msemaji, dada, nikaaga tu.

Na Jumapili ijayo hatakuja, kasema miguu inamuuma. Miguu haimuumi, kanisindikiza mpaka njia panda.

Mzee Ufunguo kaja kiwandani akaniuliza mbele ya wenzangu, "Mkate wa Jumapili ulikuwa wa nani?" Nikamwambia ulikuwa wa Bwana. Akasema, "Jibu linapita," lakini hakucheka.

Nimechanganyikiwa. Niliwapa watu mkate mzuri, nao wakaenda nyumbani. Walipopewa mkate mbaya walikaa mpaka jua linapinduka. Sasa kipi kilikuwa upendo, mkate au kiu? Ule wa Bibi bado ninao, umo kwenye mfuko mtupu wa unga, nyuma ya magunia. Siwezi kuutupa na siwezi kuula. Nifanye nini?

Mimi,
bila jina leo


Hosteli, Jumatano 12 Agosti

Mdogo wangu,

Nilitaka kukutukana. Nimeandika matusi mazuri, nikayafuta kwa sababu dereva husoma barua zetu. (Dereva, salamu.)

Nikuambie kitu kwanza. Marafiki wengi niliokuandikia, sinao. Huku kanisani kila mtu hupewa kikombe chake kidogo na kipande chake kilichokatwa tayari, unakula ukitazama mgongo wa aliye mbele yako. Ni safi sana. Hakuna aliyewahi kunimegea wala kuniuliza mguu wangu umeponaje. Nilikwenda, nikaenda, halafu nikaacha, na hakuna aliyejua nimeacha. Mwaka umepita. Chumbani tumelala wengi, na jioni kila mmoja anakula kitandani kwake, sahani mapajani, mgongo kwa mgongo. Nilikuambia mabenchi ni marefu kwa sababu sikutaka ujue.

Kwa hiyo uliponieleza foleni ya bombani nilidhani unatia chumvi maneno, kama kawaida yako. Kisha nikaanza kuiwaza nikiwa kwenye vifungo. Mtu anakushika mkono, anakuuliza habari zako, anangoja jibu kwa sababu kikombe hakijajaa. Nilikuwa nairudia kutwa. Na wewe umeifunga.

Lakini mimi ndiye niliyekutania kuhusu dhambi, na labda bila utani ule usingetafuta tatizo la mkate. Na labda Mzee Ufunguo na wenzake nao wana kosa, wamemficha bibi mzima kama mtoto. Na labda hawana. Nikifika hapo nami napotea.

Nenda kwa Bibi. Usiende na mkate wako, ni mzuri mno. La kumwambia silijui.

Dada yako


Kiwandani, Jumatatu 24 Agosti

Dada,

Nimekwenda.

Nilimkuta mlangoni anashona kifungo, nikakukumbuka. Nikamwambia, "Bibi, nina njaa."

"Mtoto wa kiwanda cha mikate ana njaa," akasema. "Tutayaona mengi."

"Nimekuja na wangu."

Nikautoa mkate wake kwenye ule mfuko wa unga. Ulikuwa mkavu kama kigae. Ukungu haukuthubutu kuusogelea, nadhani nao uliogopa chumvi. Bibi akaupapasa juu, kwenye zile alama za uma. Akaacha sindano.

"Huu ni wangu."

"Ni wako."

"Wa mwezi huu."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi Jumapili ile walikula wa nani?"

"Wangu."

Akaichomeka sindano kwenye nguo. Nilikuwa nimeandaa hotuba, tena nzuri, nikajikuta nimeuvunja mkate nimetia kipande mdomoni. Ulilia kama changarawe. Akanitazama ninavyotafuna, na mimi uso wangu haujasoma shule ya kunyooka.

"Una nini mkate wangu?"

"Una chumvi, Bibi."

"Kiasi gani?"

"Ulimi unataka kuhama."

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

"Na hakuna aliyeniambia."

"Hakuna."

"Walikuwa wanautupa wapi?"

"Hawakuutupa. Walikula."

"Hata Mzee Ufunguo? Na tumbo lake lile?"

"Huyo alikula mpaka makombo, Bibi. Ibada ikiisha, ndiye aliyekuwa anamaliza sinia."

Akajifunika uso kwa ile nguo aliyokuwa anashona. Mabega yakaanza kutikisika. Dada, sijui alikuwa analia au anacheka. Nilingoja anijulishe, hakunijulisha. Alipotoa uso ulikuwa umelowa, lakini hata mtu anayecheka hulowa.

"Kumbe ndiyo maana walikuwa wanakunywa maji," akasema. "Mimi nilidhani wananipenda."

Hapo nilikwama. Najua kulikuwa na jibu. Nililiona kabisa, kama mkate uliokaa nyuma kabisa ya tanuri, mkono wangu haukufika. Nikafanya ninachokijua. Nikammegea kipande, nikamwekea mkononi kama tufanyavyo kwenye benchi. Akakiangalia. Akakitia mdomoni, akatafuna muda mrefu na meno yake machache.

"Sisikii kitu," akasema.

Akainuka, akaenda ndani, akarudi na maji. Akanywa yeye, akanijazia mimi, akanishika mkono nilipokuwa nakunywa. Akaniuliza, "Dada yako huko aliko, ana watu?"

Nikamwambia ukweli. Usinikasirikie.

Akasema, "Septemba nitakanda. Lakini chumvi utashika wewe. Mikono yangu siiamini tena. Na ndimi zao pia siziamini." Ametuma mtu kwa Mzee Ufunguo akachukue kitambaa chake. Aliyetumwa ni mimi. Mzee alikuwa nacho mfukoni, dada. Alikuwa anatembea nacho, pamoja na funguo.

Sasa niko kwenye shida kubwa kuliko ya kwanza, na kichwa changu hiki ulichokisifu hakinisaidii. Chumvi ninaishika mimi. Kwa donge lile, kijiko kimoja kinatosha, hilo hata Hamira analijua. Lakini nikitia kimoja, watu watakula vizuri, watapeana vidole mlangoni, wataenda. Nikitia viwili, watapata kiu, kiu ndogo ya adabu, na watakwenda bombani. Huo utakuwa upendo au ujanja? Na je, nikitia kimoja wakaenda bombani bila kiu, itakuwa wamekwenda kwa sababu gani? Nimemuuliza mchungaji bila kumtajia majina. Amekohoa.

Wewe ulionja mkate wa zamani. Niambie niweke kiasi gani.

Mdogo wako,
Mshika Chumvi


Hosteli, Jumanne 1 Septemba

Mdogo wangu Mshika Chumvi,

Sijui.

Nimeomba ruhusa ya Jumamosi na Jumapili. Msimamizi ameniuliza kuna msiba, nikamwambia hapana, kuna mkate. Ameniandikia msiba. Nitakuja na gari la dereva wetu, atanishusha kwa Bibi kabla hamjawasha moto. Usitie chumvi mpaka nifike, tutaonja pamoja na tutagombana hapohapo.

Gari likichelewa, usiningoje, maana donge halingoji mtu. Weka kijiko chako kimoja cha fundi. Mimi baraka ikitolewa nitatoka kabla ya watu wote niende nikasimame bombani mbele ya Bibi, nikiwa sina kiu hata kidogo. Nataka aniulize mguu wangu umeponaje.

Wewe simama nyuma yangu.

Dada yako